Najisi ya Mtoto Wangu, Njia ya Jirani Yangu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeturuzuku watoto na kuyafanya macho yetu yatulie kwa kuwaona. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema.

Ndugu zangu Waislamu, baba zangu na kaka zangu mliomo humu ndani, mama zangu na dada zangu mlio nyuma ya pazia, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu. Leo nataka tuzungumze juu ya nepi za watoto wachanga: zipi tunazichagua, vipi tunazifua, na wapi tunazitupa. Najua wapo watakaoona kuwa hayo ni mambo ya kina mama, ya chumbani, hayana haki ya kuletwa msikitini siku ya Ijumaa. Nawaomba wavumilie kidogo.

Jambo hili lilikwishaingia kwenye kikao cha Mtume, rehema na amani zimshukie. Ummu Qays bint Mihswan alimleta mwanawe mchanga, ambaye alikuwa hajaanza kula chakula. Mtume akampakata, na mtoto akamkojolea nguoni. Akaagiza maji, akainyunyizia ile nguo, wala hakuifua. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim, na wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wamejenga hukumu juu yake: mkojo wa mtoto wa kiume aliye chini ya miaka miwili, ambaye chakula chake ni maziwa tu, hutosha kunyunyiziwa maji yakaenea, wa mtoto wa kike huoshwa, na kinyesi, cha mvulana au cha msichana, huoshwa kwa vyovyote. Masahaba hawakuona haya kutuhadithia habari za mkojo wa mtoto mapajani mwa Mtume. Nami sioni sababu ya kuona haya kuzungumza habari za pampasi.

Piteni asubuhi moja ya masika, mvua ikishakatika, kwenye mtaro wowote mkubwa wa mji wetu wa Dar es Salaam. Mtaziona. Pampasi imekunjwa vizuri, imebanwa kwa gundi zake yenyewe, dalili kwamba aliyeitupa ni mtu anayependa usafi nyumbani kwake. Imelala kwenye maji meusi, imevimba, imepasuka ubavu, na ute unaometameta unatoka polepole. Kuku wanaparura hapohapo. Kijana mwokota chupa anaisogeza kwa mguu wake, kandambili imekatika upande, ili aifikie chupa iliyo chini yake. Kijana huyo ana mama yake, na ana haki juu yetu sote tunaosali safu moja.

Ni vizuri tujue tunachokitupa ni kitu gani. Ile sehemu laini inayogusa ngozi ya mtoto ni plastiki iliyofanywa kitambaa. Katikati mna massa ya miti yaliyochanganywa na chembe ndogo mno za kemikali ambazo hunyonya maji na kuyafanya ute; ndiyo maana mtoto hulala usiku kucha na chini pakavu. Nje kabisa ni utando wa plastiki usiopitisha maji, na pembeni kuna mpira na gundi. Massa ya miti yataoza. Plastiki haiozi, jua na mawimbi huikatakata tu, hata ikawa vipande visivyoonekana kwa macho, vikaingia tumboni mwa samaki tunaowanunua soko la Feri. Mtoto aliyeivaa kwa saa nne atakua, ataoa, atapata wana wake, na ile plastiki ingali ipo.

Kitu hiki hatukukirithi kwa wazee wetu. Kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilianza kuuza Pampers mwaka 1961, na miaka hiyo bibi zetu hapa pwani walikuwa wakiwapiga watoto uwinda wa kanga kuukuu, wakizifua na kuzianika. Wametulea kwa kanga hizo na tumekuwa watu wazima.

Sasa tuhesabu. Mtoto mmoja akibadilishwa mara sita kwa siku, kwa mwaka ni pampasi 2,190. Akivaa miaka miwili ni 4,380. Huyo ni mtoto mmoja. Ikiwa dukani kwenu moja inauzwa shilingi 500, nyumba inatoa shilingi 3,000 kila siku, 90,000 kila mwezi, na mwaka ukiisha imetoka milioni moja na elfu tisini na tano. Sisemi kwamba kila anayenunua pampasi ni mbadhirifu. Lakini Qur'ani imetuonya sana juu ya ubadhirifu, na mimi nawajua watu wanaokopa dukani ili wanunue pampasi, ilhali mama anayenyonyesha ndani ya nyumba hiyohiyo anakunywa chai ya rangi asubuhi na kushinda nayo. Tena wengine, kwa kubana matumizi, humwacha mtoto na pampasi moja tangu alfajiri mpaka adhuhuri, imejaa imening'inia, mpaka mapaja yanachubuka. Hapo fedha zimetoka, na mtoto naye hakupata raha.

Nikitoka kwenye fedha, niingie kwenye tahara, kwa sababu hapa ndipo palipo na neno langu la leo. Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu amridhie, ametuhadithia kwamba Mtume alipita penye makaburi mawili, akaeleza kuwa wenyewe wanaadhibiwa: mmoja hakuwa akijikinga na mkojo, na wa pili alikuwa akieneza fitina. Hadithi hii tunaijua tangu chuoni, na imetutia hofu njema. Tunachunga ncha ya kanzu. Tunatenga kandambili za chooni. Mtoto akikojoa kwenye mkeka, nyumba nzima inasimama mpaka umwagiwe maji. Alhamdulillahi, hilo ni jema. Lakini uangalifu wetu unakomea kizingitini. Nguo yangu ikishakuwa tohara na nyumba yangu ikinukia udi, naona nimemaliza. Iliyobaki imo ndani ya mfuko mweusi, na mfuko nimempa kijana wa mkokoteni kwa pesa ndogo, bila kumuuliza anaupeleka wapi. Na kama ni usiku, sikumtafuta hata huyo kijana.

Ndugu zangu, najisi haikutoweka. Imehamia kwa mwingine. Tumeitoa kwenye mkeka wetu tukaiweka kwenye njia ya jirani.

Mtume ametuonya juu ya mambo yanayoleta laana: kwenda haja kwenye njia wanayopita watu, na kwenye kivuli wanachopumzikia. Ndivyo alivyopokea Muslim, na katika mapokezi ya Abu Dawud imetajwa pia sehemu watu wanakoteka maji. Sasa niambieni, mtu aliyechutama njiani akaacha haja yake, na mtu aliyeichukua haja ya mwanawe ndani ya pampasi akaiacha kwenye njia ileile, wana tofauti gani? Mimi naiona moja tu, na si ya kumtetea huyu wa pili. Haja ya yule wa kwanza itakaushwa na jua, itaoza, na udongo utaimeza. Ya huyu wa pili imefungwa kwenye plastiki, inakaa mbichi, inasubiri mvua iipeleke mbali zaidi.

Na mvua hapa kwetu haifanyi mzaha. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Kigogo na Jangwani, unamwagika baharini penye Daraja la Salenda. Kila kinachotupwa mabondeni na kwenye mitaro inayoungana na mto huo kinashuka kwa watu wa chini. Tunakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, maji yalivyoingia majumbani mpaka kwenye madari. Tunakumbuka kipindupindu cha 2015, kilichoanza hapa Dar es Salaam mwezi wa Agosti kikasambaa mikoani na kuvuka mpaka Zanzibar. Sidai kwamba pampasi ndizo zilizoleta misiba hiyo. Nasema kwamba ugonjwa wa aina hiyo husafiri kwa kinyesi kuingia kwenye maji, na sisi tunakipeleka kinyesi kwenye maji kwa mikono yetu, kila siku, tukiwa tumekivalisha plastiki. Wala tusijidanganye kwamba kinyesi cha mtoto hakina ubaya kwa kuwa hakinuki sana. Mtoto anayeharisha hutoa vijidudu kama mtu mzima anayeharisha. Sheria yetu ililiona hilo: wepesi imeuweka kwenye mkojo wa mtoto wa kiume anyonyaye, kwenye kinyesi haikuweka wepesi wowote.

Wengine wanaona heri wazitupe kwenye choo cha shimo, zipotee. Hazipotei. Zile chembe zinanyonya maji ya shimo na kuvimba, plastiki inakaa juu, na choo kilichochimbwa kwa gharama kubwa kinajaa kabla ya wakati wake. Siku gari la kunyonya linapokuja, mpira unaziba, na kijana wa gari anateremka kuzitoa kwa fimbo na mikono. Wa vyoo vya kuvuta ndio kabisa, bomba linaziba na maji machafu yanarudi kwa mpangaji wa chini.

Kuna jambo jingine linalosemwa kwa sauti ndogo, nami nitalisema wazi kwa sababu linagusa imani zetu. Wapo wazazi wasiotaka pampasi ya mtoto wao ikae jaani wala ichomwe moto. Wanaogopa kwamba ikiungua mtoto ataungua ngozi, au mwenye husuda ataiokota akamfanyia mtoto ubaya. Basi wanaona salama yake ni kwenye maji yapitayo: mto, mfereji, bahari. Hili si la kwetu peke yetu. Kule Indonesia, nchi ya mamilioni ya Waislamu wenzetu, katika Mto Brantas wa Java Mashariki, watu walizoea kusimama darajani na kuzirusha mtoni kwa hofu hiyohiyo, kwamba zikichomwa mtoto atapata vipele. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2018 katika miji kadhaa ya nchi hiyo ulikuta pampasi ni kama asilimia 21 ya taka zilizopimwa kwenye njia za maji. Yaani katika kila mafungu matano ya uchafu uliopimwa, fungu moja lilikuwa pampasi za watoto.

Mzazi mwenzangu, aliyemuumba mwanao ndiye amlindaye. Msomee kinga asubuhi na jioni, kama Mtume alivyokuwa akiwaombea kinga wajukuu zake Hasan na Husein. Kinyesi chake ukikimwaga chooni na nepi yake ukaifua, hakibaki kitu cha kuokotwa na hasidi wala cha kuvimba mtoni.

Nimekwishalitaja ninalotaka kuwaombeni: turudi kwenye nepi za kitambaa. Nimewasikia kina mama wakisema, sheikh unasema rahisi kwa sababu hufui wewe. Wana haki ya kusema hivyo, na nitalijibu. Kwanza nieleze kazi yenyewe, maana vijana wengi waliooa karibuni hawajaiona.

Kitambaa kinachofaa ni cha pamba. Kanga kuukuu iliyofuliwa miaka mingi hunyonya kuliko mpya ambayo bado ina ugumu wa dukani. Flaneli ni nzuri, na taulo lililochakaa ni zuri kwa usiku. Nailoni na poliesta hazinyonyi. Kwa ndani hazifai. Dazeni mbili zinatosha mtoto mmoja ikiwa unafua kila siku. Zikatwe mraba, zipindwe kingo zisichanuke, zikunjwe pembetatu na kufungwa kwa pini yenye kichwa cha kufunika ncha. Siku hizi zipo pia nepi zilizoshonwa zikiwa na vifungo vya kubana, zenye mfuko ndani wa kuingiza pedi ya kitambaa, na nje zina utando usiopitisha maji. Bei yake mwanzo inauma, lakini mtoto huvaa ileile tangu akiwa mdogo mpaka anatembea, ukihamisha vifungo, na mdogo wake akizaliwa anairithi. Kwa nepi ya kitambaa utambadilisha mtoto mara nyingi zaidi, kwa kuwa haifichi maji. Hilo ni jema kwake. Mtoto aliyelowa anastahili kubadilishwa.

Kwenye kufua tusimame kidogo, kwa sababu hapa wengi wanafua kwa juhudi na tahara haipatikani. Kwa madhehebu yetu, maji yasiyofika qullatayn, ambayo ni kiasi cha lita mia mbili hivi, yakiingiwa na najisi huwa najisi hata kama hayakubadilika rangi. Beseni letu ni lita kumi, kumi na tano. Anayetumbukiza nepi yenye mkojo kwenye beseni la maji safi, akaisukasuka, akaikamua na kuianika, ameianika pamoja na najisi yake. Utaratibu ni huu. Kinyesi kikung'utwe na kusuuzwa chooni, ule mwili wa najisi uondoke kabisa. Kisha nepi ifuliwe kwa sabuni, isuguliwe, na maji yale yamwagwe. Mwisho ichukuliwe moja moja, imiminiwe maji safi kwa kopo au iwekwe chini ya bomba, maji yapite juu yake na kudondoka, mpaka yatoke bila rangi wala harufu. Maji yaijie najisi, isiwe najisi ndiyo inayoyaendea maji. Doa la rangi peke yake, lililosuguliwa likagoma kutoka, limesamehewa, msijitie wasiwasi. Dawa ya kulainishia nguo msitie, inapunguza unyonyaji. Kisha anikeni juani, jua kali, si barazani kwenye kivuli. Jua linakausha na linaua vijidudu, na Mwenyezi Mungu hatutozi bili yake.

Jua hilo ni jambo kubwa kuliko tunavyodhani. Waingereza walilifanyia utafiti suala hili zaidi ya mara moja. Mwaka 2008 waligundua kwamba faida ya nepi za kitambaa inategemea sana namna zinavyofuliwa: ukichemsha sana maji na kukausha kwa mashine ya umeme, faida inaliwa, ukijaza mashine, ukaanika kwenye kamba na ukamvisha zilezile mtoto wa pili, faida inakuwa kubwa. Utafiti wa serikali yao uliotolewa 2023 ulikuta kwamba madhara ya nepi za kitambaa katika kuongeza joto la dunia ni pungufu kwa karibu asilimia 25 yakilinganishwa na yale ya pampasi. Hao ni watu wa baridi na mvua. Sisi tunafua kwa mkono, kwa maji ya bombani bila kuyachemsha, na tuna kamba uani na jua la mwaka mzima.

Wapo wanaouliza juu ya sala: mama atasalije na mtoto wa nepi ya kitambaa inayovuja mgongoni au mapajani? Mtume alisali amembeba Umama, binti wa binti yake Zaynab. Akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Wanazuoni wanasema asili ya mtoto na nguo zake ni tohara mpaka najisi ijulikane. Ukijua kwamba amelowa, mbadilishe au mweke pembeni. Na hukumu hiyo ni ileile kwa mwenye pampasi, kwani najisi haiwi tohara kwa kuwa imezungushiwa plastiki. Ukibeba mtoto unayejua kuwa pampasi yake ina mkojo, umebeba najisi ndani ya sala. Mama awe na nguo yake maalumu ya kusalia, aivae wakati ukifika na kuivua akimaliza. Bibi zetu walifanya hivyo wakalea watoto wanane bila kupitwa na sala.

Narudi kwa waliosema kwamba mimi sifui. Baba zangu, vijana wangu, maneno haya ni yenu kabla ya kuwa ya wake zenu. Mwanamume atakayetoka hapa, akaingia nyumbani na kutangaza kwamba kuanzia leo pampasi marufuku, kisha akaketi kusubiri chakula cha mchana, hakunielewa hata neno moja. Huyo amechukua mzigo wa mfukoni mwake akautia mgongoni mwa mkewe. Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake. Imepokewa pia kwamba alikuwa akishona nguo zake na kutengeneza viatu vyake. Hayo hayakumpunguzia kitu katika cheo chake. Kuchota ndoo mbili, kusuuza nepi za usiku kabla hujaenda kazini, kuzianika, ni kazi isiyofika nusu saa, tena ni najisi ya mwanao, damu yako. Kama una binti wa kazi nyumbani, usimtupie yeye nepi zote kana kwamba yeye si mtoto wa mtu. Na mwanao akianza kukaa, mzoesheni poti mapema. Wazee waliwakalisha watoto juu ya miguu yao kila asubuhi baada ya kunyonya, na wengi wao hawakufika miaka miwili wakiwa bado wanavaa uwinda.

Ninao ujumbe kwa wafanyabiashara, na mmo humu. Zimeingia sokoni pampasi zilizochorwa jani la kijani, zimeandikwa kwamba ni za mianzi, ni rafiki wa mazingira, zinaoza. Baadhi yake kweli zimepunguza plastiki. Nyingine juu zina kitambaa cha mianzi, na chini ni chembe zilezile na plastiki ileile. Hata zile zinazoweza kuoza nyingi huhitaji mtambo maalumu wenye joto la kutosha; ukizitupa mtaroni zitakaa mtaroni. Mtume alipita penye lundo la nafaka sokoni, akaingiza mkono ndani, akakuta mbichi iliyoloa maji imefichwa chini ya kavu. Akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuiweka juu watu wakaiona, na akatoa onyo kali kwa mwenye kughushi. Muuzaji Mwislamu asiseme kwa mdomo wake kwamba kitu kinaoza ikiwa hajui. Amwambie mteja: ndivyo ilivyoandikwa, mimi sijathibitisha.

Sikuharamisha pampasi, na asitoke mtu hapa akasema imeharamishwa. Dini yetu ni nyepesi. Kuna mama aliyetoka kupasuliwa, hawezi kuinama kwenye beseni. Kuna wa mapacha. Kuna safari ya basi kutoka hapa mpaka Mwanza. Kuna mitaa ambayo maji hununuliwa kwa dumu, na huko mama akiamua kuyaweka maji yake kwa kupikia na kunywa, nani atamlaumu? Basi atumie kwa kadiri ya haja, usiku au safarini, na mchana avishe kitambaa. Lakini akiitumia, haki yake aitimize. Aifungue chooni, kinyesi chote kisukumwe chooni kwa maji, ndipo aikunje, aifunge, na aiweke kwenye taka zinazochukuliwa na gari linalojulikana. Asiichome uani, ikiwa mbichi haiungui vizuri, na moshi wa plastiki unaingia kifuani mwa mtoto yuleyule aliyeivaa. Na asimpe mtu asiyejua anakokwenda nayo.

Msiseme hatuwezi kubadilika. Tulipoambiwa kwamba kuanzia tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki basi, wengi walisema haiwezekani, soko litasimama. Wenzetu wa Zanzibar walikwishaanza tangu 2006, na Kenya ikaipiga marufuku Agosti 2017. Leo mnakwenda sokoni na vikapu vyenu. Pale serikali ndiyo iliyotuambia, na faini ilikuwepo. Pampasi haijakatazwa na mtu, hakuna askari atakayesimama mtaroni usiku. Tumeachiwa wenyewe na Mola wetu anayetuona, na kuondoa lenye kudhuru njiani ni tawi katika matawi ya imani. Basi kuliweka hapo tukuiteje?

Kamati ya msikiti imekubali mambo mawili, nami nawashukuru. Wenye gari la taka watakaopita mtaani kwetu wataulizwa, kwa barua, taka zetu zinamwagwa wapi, na jibu lao litasomwa hapa. Na Jumamosi baada ya Alasiri, kwenye banda la madrasa, vyerehani viwili vitakuwepo pamoja na mama zetu wanaojua kukata na kupinda. Mwenye kanga kuukuu, shuka la pamba lililochanika au taulo lililochakaa, alete likiwa limefuliwa. Kila mzazi mwenye mtoto chini ya mwaka mmoja ataondoka na nepi kumi na mbili, aongezee mwenyewe zilizobaki. Kina baba wa watoto hao waje na wao, kila mmoja na ndoo yake, kwa sababu tutaanza na kufua.